Nasaba Si Hukumu: Kinga ya Mwili na Maradhi ya Kutetemeka

Haya ni maelezo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi wa Siyu, Kisiwa cha Pate, kuhusu ugonjwa wa Parkinson. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi wa kaunti nzima.





Mimi si daktari. Kazi yangu katika kaunti ni habari: kusoma, kuwauliza wanaojua, kisha kuwaletea maneno hayo kwa lugha tunayozungumza majumbani. Kwa hivyo leo sitampima mtu wala sitagawa dawa. Nimekuja na jambo moja tu, nalo ni ugonjwa wa Parkinson, ambao wengi wetu tunauita maradhi ya kutetemeka, pamoja na swali linalofuata kila ugonjwa huu unapotajwa: je, umo katika damu ya ukoo?

Swali hili si dogo. Jibu lake ndilo linaloamua kama mzee atapelekwa hospitali au atawekwa chumba cha ndani asionekane na wageni. Ndilo linaloamua kama posa ya binti wa nyumba hiyo itaendelea au itarudishwa kimyakimya. Watu wakisikia neno "kurithi" hukata hukumu papo hapo. Nami nataka tuisikilize kesi kwanza.

Ugonjwa wenyewe

Mwaka 1817 daktari mmoja wa London, James Parkinson, aliandika kitabu kidogo kuhusu watu aliowaona wakitetemeka na kutembea wakiwa wameinama. Ugonjwa ukapewa jina lake. Tarehe aliyozaliwa, 11 Aprili, ndiyo Siku ya Parkinson Duniani.

Ndani kabisa ya ubongo ziko seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Dopamini ndiyo inayoupa mwili wepesi: mkono ukitaka kushika sindano hushika, mguu ukitaka kupanda ngazi hupanda. Kwa mgonjwa wa Parkinson seli hizo hufa pole pole kwa miaka mingi. Ndani ya zile zilizobaki, wataalamu hukuta mabonge ya protini iitwayo alfa-sinukleini. Protini hii kila mmoja wetu anayo. Tatizo ni pale inapojikunja vibaya na kurundikana.

Dalili zake tunaziona bila kuzijua. Mkono mmoja hutetemeka ukiwa umetulia pajani, na pengine hupungua kutetemeka mtu anapoinua kikombe chake cha kahawa. Hatua huwa fupi, miguu ikaburura. Sauti hufifia. Uso hukosa mabadiliko hata jirani akadhani bibi kanuna. Kufunga vifungo vya kanzu huchukua muda mrefu, na kuinuka kutoka sijida huwa kazi.

Siyu ni mji wa mikono. Mji huu ulijulikana kwa kunakili misahafu kwa kalamu, na kwa kazi za ngozi, mbao na uzi. Basi ninyi mna jicho ambalo wengine hawana. Mwandiko unaozidi kuwa mdogo kila mstari ni dalili inayojulikana ya Parkinson. Fundi wa ngozi ambaye mkono wake mmoja umekuwa mzito, au mama ambaye ukili wake hauendi kama zamani, hao si wa kuambiwa "ni uzee tu" kabla hawajaangaliwa. Na miaka mingi kabla ya kutetemeka, wengi hupoteza uwezo wa kunusa na hufunga choo. Dalili hizo mbili peke yake hazimaanishi Parkinson, lakini daktari atataka kuzijua.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Bondia Muhammad Ali alikuwa mmoja wao. Ulimwengu mzima uliona mkono wake ukitetemeka alipowasha mwenge wa Olimpiki huko Atlanta mwaka 1996, na hakuna aliyesema amerogwa. Alifariki mwaka 2016, zaidi ya miaka 30 baada ya kuambiwa ugonjwa wake.

Kinga ya mwili imeingiaje hapa?

Kwa muda mrefu Parkinson ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa ubongo peke yake. Kisha ushahidi mwingine ukaanza kujitokeza.

Mwaka 1988 watafiti wa Kanada, akiwemo Patrick McGeer, waliuchunguza ubongo wa watu waliofariki wakiwa na Parkinson. Mahali pale pale ambapo seli za dopamini zilikuwa zimekufa, walikuta seli za kinga ya mwili zimeamka, kama askari waliokuta vurugu au, pengine, walioianzisha.

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walilinganisha vinasaba vya wagonjwa wapatao 2,000 na vya watu wasio wagonjwa, idadi kama hiyo hiyo. Tofauti moja waliyoiona ilikuwa katika kromosomu ya 6, kwenye kundi la jeni linaloitwa kwa kifupi HLA. Jeni hizi ni za kinga ya mwili. Huenda mmewahi kuzisikia bila kujua: mtu akitaka kupandikizwa figo, HLA ndizo zinazoangaliwa kuona kama figo ya ndugu yake itakubaliwa na mwili wake.

HLA hufanya kazi gani? Tuseme kila seli ya mwili ina desturi ya kutoa nje vipande vidogo vya protini zilizomo ndani yake, ikaviweka juu ya sinia. Askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, hupita wakikagua masinia. Wakiona kipande cha kawaida, hupita. Wakiona kipande cha virusi, hushambulia. HLA ndizo sinia hizo. Na sinia za watu hazifanani: yangu ina umbo lake, yako umbo lake, kwa jinsi tulivyorithi kwa baba na mama. Ziko sinia zinazoshika vizuri kipande cha aina fulani, na ziko zinazokiacha kianguke.

Mwaka 2017 utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature ulionyesha kwamba kwa takriban wagonjwa 4 kati ya 10, askari hao walikuwa wakiitambua ile alfa-sinukleini kana kwamba ni adui. Baadhi ya aina za sinia zilikishika barabara kipande cha protini hiyo na kukionyesha. Yaani kwa baadhi ya wagonjwa, mwili unaweza kuwa unasaidia kuziumiza seli zake wenyewe.

Jeni huinua na hushusha mizani

Hapa ndipo ninapoomba masikio yenu zaidi, maana hapa ndipo maneno hugeuzwa.

Kuwa na aina fulani ya HLA hakumaanishi kwamba mtu ataugua. Mwaka 2023 utafiti mkubwa ulioongozwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, ukihusisha watu wa asili mbalimbali, ulionyesha kwamba kundi moja la HLA, liitwalo DR4, hupunguza uwezekano wa kupata Parkinson na pia ugonjwa wa usahaulifu wa Alzheimer. Hupunguza kwa kiasi gani? Zaidi kidogo ya asilimia 10. Ni jiwe dogo kwenye mizani ambayo tayari ina mawe mengine mengi: umri, sumu za kunyunyizia mashamba kama vile parakwati, majeraha ya kichwa, jeni nyingine, na mambo ambayo ni majaaliwa tu.

Tena DR4 hiyo hiyo inayomkinga mtu hapa humwongezea hatari kwingine. Wenye aina zake fulani huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua baridi yabisi ya viungo, na kisukari kile kinachoanza utotoni. Basi nani atasema jeni hiyo ni nzuri au mbaya?

Watu wa pwani tuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1949 mwanafunzi wa udaktari aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchi hii akikusanya damu. Aligundua kwamba chembe za selimundu zilikuwa nyingi kwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria, na chache sana kwa watu wa nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha sababu: anayerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Anayerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Jeni ile ile, kwa mmoja ni ngao na kwa mwingine ni maradhi. Mababu zetu waliishi kwa sababu ya jeni hiyo katika nchi yenye mbu, na hakuna ukoo unaopaswa kuionea haya.

Kinga yetu iliundwa na maradhi waliyopambana nayo waliotutangulia. Haikuundwa kwa ajili ya uzee wa miaka 75.

Ni haki niseme pia kwamba ziko aina chache za Parkinson zinazorithiwa moja kwa moja. Mwaka 1998 watafiti wa Japani walitambua jeni iitwayo parkini. Anayeipata ikiwa na kasoro kutoka kwa baba na mama pia, huweza kuanza kutetemeka akiwa kijana, hata kabla ya miaka 40. Kasoro ya namna hii huonekana zaidi wazazi wanapokuwa ndugu wa damu, kwa sababu wanaweza kuwa wamebeba kasoro moja. Sisemi haya kumkosoa aliyeoa binamu yake. Ni desturi yetu na ni halali. Nasema ili kijana anayetetemeka asichekwe, na ili familia imweleze daktari ukweli wa nasaba yao. Lakini wagonjwa walio wengi hawako katika fungu hilo. Wameugua uzeeni, na wengi wao hawana mzazi wala ndugu aliyeugua kabla yao.

Na ugonjwa huu hauambukizi. Kula sahani moja na mgonjwa, kumshika mkono, kulala chumba kimoja naye, hakuna ubaya wowote.

Damu ya watu wa Pate

Mtu ataniuliza: hizi tafiti za Marekani na Kanada zinatuhusu nini sisi?

Zinatuhusu, lakini si kila kitu. Sehemu kubwa ya vinasaba vilivyochunguzwa duniani ni vya watu wa asili ya Ulaya. Mwaka 2023 watafiti wakiwemo wa Nigeria, pamoja na Profesa Njideka Okubadejo wa Chuo Kikuu cha Lagos, walichapisha matokeo ya watu wenye asili ya Afrika. Walikuta badiliko katika jeni iitwayo GBA1, ambayo husaidia seli kusafisha taka zake. Badiliko hilo halipatikani kwa Wazungu isipokuwa kwa nadra sana. Mwenye nakala moja huwa na hatari ya Parkinson mara 1.5 hivi, na mwenye nakala mbili mara 3.5 hivi. Miaka yote ya kuchunguza damu za Ulaya isingeweza kulifichua jambo hilo. Ilibidi Waafrika wahesabiwe.

Nasi hapa tuna mchanganyiko wetu. Mwaka huo huo wa 2023, jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba kutoka mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara. Faza, jirani yenu katika kisiwa hiki hiki, ilikuwamo. Manda na Mtwapa pia zilikuwamo. Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo ni mwanaakiolojia Mkenya, Profesa Chapurukha Kusimba. Waligundua kwamba wengi wa watu hao walikuwa na nusu au zaidi ya nasaba yao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa wanawake, na sehemu kubwa ya iliyobaki kutoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000.

Basi sinia za kinga tulizorithi zimetoka pande zote za bahari hii. Hatuwezi kuchukua hesabu ya Stanford au ya Lagos tukaivisha Siyu kama kanzu ya kuazima. Ndiyo maana siku moja watafiti wanaweza kuja kwenu kuomba damu au mate. Wakija, zijueni haki zenu. Utafiti kama huo sharti uwe na kibali cha NACOSTI na cha kamati ya maadili. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeziweka taarifa za afya na za vinasaba katika fungu la taarifa nyeti. Mna haki ya kuelezwa kwa lugha mnayoielewa, kuuliza sampuli itatumika kwa nini na itawekwa wapi, kukubali au kukataa. Atakayekataa hanyimwi matibabu. Atakayekubali afanye hivyo kwa kuelewa, si kwa kuona haya mbele ya mgeni.

Tulichojifunza Hai

Hatari kubwa zaidi kwa mgonjwa wa kisiwani leo haiko kwenye kromosomu ya 6. Iko kwenye kutoonekana.

Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo la watu 161,071, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipata watu 33 wenye Parkinson. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtaalamu yeyote kwamba wanaumwa nini. Walikuwa wakiishi na ugonjwa wenye jina na wenye dawa, lakini bila jina na bila dawa.

Dawa hiyo ni levodopa, nayo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Haiponyi wala haizuii ugonjwa kuendelea, lakini hurudisha wepesi. Mtu aliyekuwa akilishwa huweza kujilisha. Aliyekuwa haendi msikitini huweza kwenda.

Tufanye nini?

Kwanza, mkiona dalili, anzeni zahanati. Kutoka hapo mgonjwa huelekezwa Faza, au Hospitali ya King Fahd mjini Lamu, na ikibidi kwa daktari wa mishipa ya fahamu Mombasa. Najua safari ya boti kwa mtu ambaye miguu haimtii si jambo jepesi. Pangeni kwenda maji yakiwa yamejaa, asilazimike kukanyaga matope, na awe na watu wawili wa kumshika anapopanda na kushuka. Hakikisheni amesajiliwa SHA kabla ya siku ya safari.

Pili, bebeni dawa zote anazotumia, hata za kienyeji. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za kuzuia kutapika huleta mtetemeko unaofanana na Parkinson. Pengine dawa ya mzee wenu ni kubadilishiwa dawa tu.

Tatu, neno kuhusu upupu. Ni kweli mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, na wataalamu wanazichunguza. Lakini mbegu moja na nyingine hazilingani nguvu, na kipimo kikizidi mtu huchanganyikiwa, hutapika, au huanguka. Msimpe mgonjwa kwa kukisia.

Nne, dawa ina saa zake. Inywewe nusu saa hivi kabla ya kula au saa moja baada ya kula, kwa sababu samaki, nyama na maharage huizuia kuingia vizuri mwilini. Isikatizwe ghafla, ni hatari. Ramadhani ikikaribia, mgonjwa azungumze na daktari wake na imamu wake mapema, asijiamulie peke yake.

Tano, atembezwe. Mazoezi husaidia: kutembea kila siku, kunyoosha viungo, kusoma kwa sauti ili sauti isizame.

Na sita ni letu sote. Tusiuhukumu ukoo kwa mkono wa mzee mmoja. Sayansi imetuambia kwamba jeni za kinga husogeza mizani kidogo huku na kule, na kwamba kila mmoja aliyeketi hapa ana sinia zinazomkinga na maradhi haya na kumwacha wazi kwa yale. Hakuna nyumba Siyu, Pate, Faza wala Lamu isiyobeba jeni yenye hatari ya kitu fulani. Anayerudisha posa kwa sababu hiyo, basi na yake ingerudishwa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mgonjwa wa Parkinson hafi haraka, Alhamdulillahi. Lakini akifichwa, ataishi miaka mingi akiwa hai na huku amekwisha sahauliwa. Asifichwe.

Wahudumu wa afya ya jamii watabaki hapa kujibu maswali, na aliye na mgonjwa nyumbani asiyeweza kufika awape jina la mtaa wake wamtembelee.